Wiki moja Ulaya: Paris, London au Berlin? Naombeni mchanganuo wa gharama

Binti Mwanakwerekwe
Wakuu, habari za jioni. Mimi na mume wangu tunapanga likizo ya wiki moja Ulaya mwezi wa kumi na moja, tukitokea Dar. Ni mara yetu ya kwanza. Tumechuja mpaka tukabaki na miji mitatu: Paris, London na Berlin. Mimi napenda makumbusho na majengo ya kale, mwenzangu anataka kuzunguka mitaani na kula vizuri, chakula cha halali. Hela hii tumeidunduliza muda mrefu, sitaki iishie kwenye chumba cha kulala. Mji upi una nafuu kweli? Naombeni namba.

Msafiri wa Kurasini
Dada, anza na gharama zisizobadilika hata mkila mkate mkavu wiki nzima. Viza ya Schengen, ndiyo ya kuingia Paris au Berlin, ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukipitia kituo cha wakala kuna ada yake juu. Ongeza bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Viza ya matembezi ya Uingereza mwaka 2025 ilikuwa pauni 127, na bima hawailazimishi. Kote huko ukinyimwa, ada hairudi.

Kwa hiyo mlangoni miji hii imekaribiana. Tofauti ni kwamba Schengen inakufungulia nchi 29. Mkiwa Paris mnaweza kupanda basi asubuhi na mkala mchana Brussels. Kwa London, viza hiyo haiwavushi bahari kwenda Ufaransa.

Mama Lewisham
Mimi naishi London, na nitaisemea. Kwa mtu wa makumbusho hakuna mji unaoushinda huu kwa bei. British Museum, National Gallery, Tate Modern, Victoria and Albert, makumbusho ya historia ya asili: mikusanyo yake ya kudumu yote unaingia bure, siku yoyote. Unaweza kuingia nusu saa, ukatoka kunywa chai, ukarudi. Anayelipa kiingilio hawezi kufanya hivyo, atajilazimisha kumaliza vyumba vyote huku miguu inawaka.

Usafiri nao una njia. Nauli ya basi mwaka 2025 ilikuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja unabadilisha mabasi bila kulipa tena. Ukitumia mabasi peke yake, makato ya siku mwaka huo yaligota pauni 5.25, yakifika hapo hukatwi zaidi. Kaeni ghorofani, siti ya mbele, mji wote mtauona kwa nauli hiyo.

Chakula cha halali kipo kila kona, Whitechapel na Edgware Road hamtahangaika. Lakini chumba ndicho kinachouma. Chumba cha watu wawili kilicho safi, mahali pa maana, mara nyingi kinavuka pauni 110 kwa usiku, na ni kidogo kiasi kwamba masanduku mawili hayafunguki kwa pamoja.

Kijana wa Neukölln
Hapo kwenye chumba ndipo Berlin inaposhinda. Novemba, kabla masoko ya Krismasi hayajachanganya, wageni wangu hupata chumba cha wawili kwa euro 70 hadi 90. Jueni tu kuna kodi ya jiji ya asilimia 7.5 ya bei ya chumba, ilipanda Januari 2025 kutoka asilimia 5. Mtaa wa Sonnenallee mnakula kwa Waarabu na Waturuki mpaka mshibe. Kuba la bunge, Reichstag, ni bure mkijiandikisha mapema mtandaoni, na kipande kirefu cha Ukuta wa Berlin kilichochorwa pale East Side Gallery hakina kiingilio.

Chupa za plastiki msitupe. Nyingi zina amana ya senti 25 ambayo mmeshailipa dukani. Kila duka kubwa la vyakula lina mashine: unaingiza chupa, inatoa risiti, unaipeleka kaunta.

Dada, nikuambie ukweli kuhusu makumbusho: Pergamonmuseum, ambayo wengi huifuata, imefungwa yote tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati, na sehemu yake inatarajiwa kufunguliwa 2027. Ila Mtanzania akifika hapa asiondoke bila kuingia Museum für Naturkunde, makumbusho ya historia ya asili. Yule dinosaria mkubwa aliyesimama ukumbini, kimo zaidi ya mita 13, mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913. Mimi niliposimama chini yake nilisikia uchungu na fahari kwa pamoja.

Binti Mwanakwerekwe
Asanteni sana. Ya Tendaguru imenigusa, babu yangu mzaa mama ni mtu wa Lindi. Lakini Paris mbona hakuna anayeitetea? Nimesikia makumbusho ya Louvre yamepandisha bei.

Fundi Ramani
Ni kweli. Tangu Januari 2026 wageni wasiotoka Umoja wa Ulaya na majirani zake wachache wanalipa euro 32 Louvre. Wawili ni euro 64 kwa mlango mmoja. Lakini usikate tamaa, tazama kalenda. Ijumaa ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa kumi na mbili jioni, Louvre ni bure isipokuwa Julai na Agosti. Jumapili ya kwanza, makumbusho ya Musée d'Orsay ni bure. Kote lazima ukate nafasi mtandaoni, na nafasi huisha haraka. Mara nyingi siku hizo mbili huangukia wiki moja, basi ichagueni wiki hiyo. Makumbusho ya Petit Palais na Carnavalet mikusanyo ya kudumu ni bure mwaka mzima, na kanisa kuu la Notre-Dame, iliyofunguliwa tena Desemba 2024, haina kiingilio.

La pili ni usafiri. Mwaka 2025 tiketi moja ya metro, treni ya chini ya ardhi, ilikuwa euro 2.50 na ya kwenda uwanja wa ndege 13. Tiketi ya wiki ni euro thelathini na kitu, na uwanja wa ndege umo. Ya Berlin kwa siku saba inavuka 40! Ila wiki ya Paris inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili, hata ukinunua Jumatano. Tueni Jumatatu. Kadi yake inahitaji picha ndogo ya uso, pigeni huko huko Dar mje nayo.

Chumba wekeni euro 100 hadi 130, na kodi ya jiji inalipwa kwa kila kichwa kila usiku. Mgahawani ombeni *carafe d'eau*, maji ya bomba, hayalipiwi. Kwa halali nendeni Belleville na Barbès, na siku moja mle kwenye mgahawa wa Msikiti Mkuu, msikiti uliofunguliwa 1926.

Mama Lewisham
Kwa hesabu hiyo ya Ijumaa na Jumapili, hata mimi ningewapeleka Paris. Bila siku hizo mbili, kwa mtu wa makumbusho, bado nasema London.

Binti Mwanakwerekwe
Tumekubaliana Paris, tunatua Jumatatu. Kesho naanza kufuatilia taarifa za benki za miezi iliyopita na barua ya likizo kazini. Fundi Ramani, nafasi za Ijumaa ya Louvre hufunguliwa lini?

Fundi Ramani
Anza kuchungulia tovuti yao mwezi mmoja kabla, kila siku, na msikate tiketi za ndege zisizorudishika kabla viza haijatoka.