Astride, Astrida au Astrid? Karatasi tatu, binti mmoja

Mama Astrida, Stavanger:

Ndugu zangu, salaam. Naombeni msaada wa haraka. Binti yangu, ambaye sasa ana miaka 13, ameandikwa Astride kwenye cheti cha kuzaliwa cha Uvira, Kongo, na Astrida kwenye karatasi ya kambini, na tangu tufike Norwei anatambuliwa kwa jina la Astrid. Tulipopeleka maombi ya uraia, karani wa ofisi ambayo sitaitaja alizitandaza karatasi zote tatu mezani, akaweka kidole kwenye herufi ya mwisho ya kila jina, kisha akaniuliza ninamwombea mtoto yupi kati ya hao watatu. Wanataka uthibitisho kabla ya mwisho wa mwezi. Je, jugement supplétif ya Uvira, yaani hukumu ya mahakama inayoshika nafasi ya cheti cha kuzaliwa, inatosha, au ni lazima kwanza ipate légalisation, yaani kuthibitishwa rasmi, Kinshasa?

Baba wa Drammen:

Pole sana, Mama Astrida. Sisi tulisumbuliwa na tarehe, kwani nyumba nzima tuliandikiwa tumezaliwa 1 Januari, na mpaka leo kila daktari hutupongeza siku moja. Ushauri wangu ni kwamba uache Astrid ibaki kama ilivyo. Jina hilo ni la Kifaransa, maana yake ni nyota, na Wanorwei wamelizoea.

Mwalimu, Uppsala:

Ndugu wa Drammen, tusipotoshane. Nyota kwa Kifaransa ni astre, na jina hili halina undugu wowote na neno hilo. Ni jina la Kinorse cha kale, lugha ya zamani ya Skandinavia, Ástríðr, lililoungwa kwa áss, yaani mungu mmojawapo wa kundi la akina Odin na Thor, pamoja na fríðr, yaani mzuri wa sura. Ingrid na Sigrid nayo yana mkia huohuo. Herufi f ilimezwa, t ikajipenyeza kati ya s na r ili ulimi upite, na ndiyo maana jina likaonekana kama linatokana na ást, upendo, jambo ambalo vitabu vingi vya majina ya watoto hulirudia bila kuchunguza.

Wala halikuwa jina la kupambia tu. Astrid binti wa mfalme Olof wa Uswidi aliolewa na Olav Haraldsson wa Norwei mwaka 1019, na baada ya mumewe kuuawa alisimama mbele ya baraza la Waswidi kumtetea Magnus, mtoto wa kambo, hadi kijana huyo akapata kiti cha baba yake. Mshairi Sigvat alimtungia beti za sifa kwa tendo hilo. Huko Denmaki, mfalme Svend aliitwa Estridsen kwa jina la mama yake, Estrid, na si la baba. Karani aliyemdhihaki mama huyu anapaswa kujua kwamba hata kwao jina hili halikuwahi kuwa na tahajia moja.

Mzee wa Butare, Liège:

Mwalimu amesema vizuri, lakini amesimama njiani. Kwetu jina hili lilifika kwa mkono wa Wabelgiji. Astrid, binti wa ukoo wa kifalme wa Uswidi, aliolewa na Leopold mwaka 1926, akawa malkia wa Ubelgiji mwaka 1934, na tarehe 29 Agosti 1935 akafa katika ajali ya gari huko Küssnacht, Uswisi, akiwa na miaka 29. Mji wetu wa Butare, Rwanda, ulipewa jina la Astrida kwa heshima yake, na vijana waliosoma Groupe Scolaire pale, ambao wakoloni waliwaandaa kuwa makarani na wasaidizi wa utawala, waliitwa Astridiens. Hiyo a ya mwisho anayoishangaa karani tuliisoma kwenye mihuri ya serikali.

Dada wa Bergen:

Basi kwa nini tuendelee kuwabebesha mabinti zetu jina la malkia wa wakoloni, wakati mji wenyewe ulilivua mwaka 1960? Hata hivyo nakiri kwamba shangazi yangu wa Uvira aliitwa Asitirida na majirani wote wa ufukweni, na nikilisikia likitamkwa hivyo nasikia harufu ya dagaa na mawese, si ya Ubelgiji.

Baba wa Drammen:

Nyota niliambiwa na padri, nalo si kosa langu. Nakumbusha tu kwamba sheria ya majina ya Norwei ya 2002 kwa kawaida hairuhusu kubadili jina zaidi ya mara moja katika miaka 10, na mtoto aliyepita miaka 12 lazima aridhie mwenyewe. Mmemwuliza binti?

Mama Astrida, Stavanger:

Nimemwuliza. Anataka Astrida, yenye a, kwa sababu darasani kwao kuna Astrid mwingine. Nawashukuru kwa historia, ambayo nimemsomea yote akafurahi sana kwa habari za Magnus na mama yake wa kambo, ila bado nauliza juu ya jugement supplétif.

Mzee wa Butare, Liège:

Dada wa Bergen, 1960 ni Kongo. Sisi tulipata uhuru tarehe 1 Julai 1962, na jina la Butare lilirudi mwaka huo.