Injini za kwenda Mars: vyuo vyetu vianze kuzifundisha?

Mjukuu wa Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Roketi za sasa huchoma mafuta dakika chache, kisha chombo kinaserereka miezi kama saba hadi Mars. Wamarekani walijaribu injini ya nyuklia, mradi wa NERVA: mtambo wa urani unaipasha haidrojeni moto bila kuichoma. Wakaufunga 1973. Ipo na ya umeme. Chombo cha Dawn kiliruka nayo 2007, kikazunguka Vesta, kisha Ceres, magimba yaliyo kati ya Mars na Jupita. Mimi nasema vyuo vyetu vianze sasa. Urani si tunayo Namtumbo?

Kijana wa Cheyo, Tabora: Mars? Meli yenu ya Kigoma, Liemba, imelala bandarini miaka, kijiji cha Kagunga mnakwenda kwa boti za mbao. Anzeni na injini hiyo.

Dagaa wa Kibirizi: Hapo umenigusa pabaya. Mjerumani alipoizamisha 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito kwanza. Mwingereza akaiopoa 1924, mitambo ikakutwa inafaa, 1927 meli ikarudi kazini. Na hadi leo ni mvuke! Nyie Tabora mna nini zaidi ya stesheni ya kubadilishia treni?

Fundi Gungu: Dagaa, mvuke uliondolewa miaka ya sabini, ikafungwa dizeli. Marehemu mzee wangu alikuwa chumba cha injini. Shati lake lilifuliwa mara mbili na bado harufu ya dizeli ilibaki kwenye kola.

Kijana wa Cheyo, Tabora: Stesheni ya kubadilishia? Meli hiyo ilikuja vipandevipande ndani ya masanduku. Reli ilifika kwetu 1912, kwenu 1914. Mngeibeba kichwani?

Mwalimu wa Kasulu: Jamani, mada ni injini za anga. Ile ya Dawn inapiga ayoni (chembe zenye chaji) za gesi ya xenoni kwa umeme wa jua, na msukumo wake ni kama uzito wa karatasi moja au mbili. Haiwezi kuinua chombo kutoka ardhini. Ila huko juu hakuna hewa ya kukizuia, kwa hiyo inasukuma miezi na miezi, mwendo unazidi kukua. Na urani ya kuchimbwa haiingii kwenye mtambo wa roketi hivihivi, lazima irutubishwe, yaani iongezwe kiwango cha ile aina yake inayopasuka na kutoa nishati. Mleta mada asidanganye watoto.

Mjukuu wa Ujiji: Mwalimu, shikamoo, lakini nimedanganya wapi? Nimesema tunayo, sijasema tuimimine kwenye tangi. Wewe wanafunzi wako wanasoma msukumo kwa kuchora mishale ubaoni, maabara ina kufuli. Hilo ndilo linaloniuma.

Mwalimu wa Kasulu: Kufuli sikuliweka mimi. Umeshawahi kuingia darasani kwangu? Naomba ujibu hilo kwanza.

Kijana wa Cheyo, Tabora: Bado sijajibiwa habari ya masanduku.

Dagaa wa Kibirizi: Kwenu yalipita tu. Meli iliungwa Kigoma, ikashushwa majini Kigoma. Jibu hilo.