Kitabu gani kinafaa kujifunzia Access?

Muuza Pembejeo, Mwanjelwa:
Wakuu, poleni na baridi. Madeni ya wakulima nayaandika kwenye daftari la kaunta, na msimu wa mbolea ukikolea kurasa zinachanika. Nataka nijitengenezee programu kwenye laptop, isiyotegemea intaneti. Nimeona kitabu cha mtumba cha Access 2003, ile programu ya Microsoft ya kutunza kumbukumbu kwenye majedwali. Nichukue?

Fundi wa Uyole:
Kiache, mkuu. Toleo la 2007 lilibadilisha menyu zote, na aina ya faili zake ikatoka .mdb ikawa .accdb. Utatafuta vitufe ambavyo havipo. Ukipata kingine, fungua ukurasa wa yaliyomo: kikianza na kurembesha fomu kabla ya majedwali na mahusiano yake, kirudishe. Wateja wawe na jedwali lao, mikopo jedwali lake, namba ya mteja iyaunganishe. Ukirundika vyote pamoja, mkulima mmoja utamwandika Mwakyusa leo, kesho Mwakiusa, na deni lake litagawanyika.

Dada wa Tukuyu:
Kama huna leseni ya Access, LibreOffice Base, programu ya kazi hiyohiyo, ni ya bure, na mwongozo wake wa PDF pia.

Muuza Pembejeo:
Asanteni. Sura ya majedwali ya mwongozo huo naiprinti leo pale Kabwe.