Kirikuu inaunguruma lakini mlima haipandi: ni injini au klachi imeisha?

Mama Asali:
Mbukwenyi wana Dodoma, na wakuu wote mliomo humu.

Nina Kirikuu ya gia, kale kapikapu kadogo ka Kijapani, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka juzi. Kazi yake ni moja tu. Napakia bidhaa za duka hapa mjini, sokoni Majengo, napeleka Manyoni kwa dada yangu, narudi na madumu ya asali. Safari nyingi anaendesha mdogo wangu, nyingine naenda mwenyewe.

Mwezi uliopita imeanza tabia mpya. Kutoka hapa hadi Bahi, hadi Kintinku, kote kule tambarare, inakwenda vizuri. Tukianza kupanda ule mlima wa Sukamahela tukiwa na mzigo, nikikanyaga moto injini inalia kama gari inakimbia, lakini miti ya pembeni inapita polepole vilevile. Nikilegeza mguu, kelele inashuka na gari inashika tena. Juzi ikaongezeka harufu ya kuungua, kali, ilikaa ndani ya kebini mpaka tunafika.

Fundi wa kwanza kasema injini imechoka, ringi za pistoni zimeisha, nitafute laki nane aifungue. Plagi nilishabadilisha kwa ushauri wake, hakuna kilichobadilika. Wa pili kasema giaboksi. Wote waliijaribu asubuhi, gari tupu, mzunguko mmoja wa Kizota wakarudi.

Laki nane ndiyo mtaji wangu wa asali. Naomba mnisaidie, nitajuaje ugonjwa wenyewe kabla sijaruhusu mtu afungue kitu?

Dereva wa Mtera:
Pole dada. Kabla hujatoa hata shilingi, jibu maswali mawili. Oili unaongeza kila baada ya muda gani? Na asubuhi ukiwasha, inatoa moshi wa bluu?

Mama Asali:
Oili napima kila Jumamosi, kijiti kinabaki palepale, huwa siongezi mpaka siku ya kumwaga. Moshi sijauona.

Dereva wa Mtera:
Ringi zikiisha injini inakula oili na kutoa moshi wa bluu. Basi hizo ringi zilizoisha ziko wapi? Usifungue injini.

Fundi Nzuguni:
Dada Mama Asali, umeeleza vizuri kuliko wateja wengi wanaoniletea gari. Nakujibu kwa urefu kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaliwa hela.

Injini iliyochoka na klachi iliyoisha zote zinaitwa "gari haina nguvu", lakini sauti zake hazifanani. Injini iliyochoka ukiikanyagia moto mlimani, sauti inazama. Inakuwa nzito, gari inapungua mwendo na injini inapungua nayo, mpaka urudishe gia. Klachi iliyoisha ni kinyume chake: sauti inapanda, mwendo haupandi. Injini na matairi vimeachana. Gari yenye mshale wa mizunguko unaona mshale unaruka na spidi imesimama. Kama yako haina, tumia masikio, na wewe umeshayatumia.

Kwa nini tambarare haionekani? Fikiria kamba ya kisimani iliyolowa. Ndoo ikiwa tupu unavuta vizuri. Ikijaa, kamba ileile inateleza kiganjani. Pleti ya klachi inabanwa katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, na presha pleti, ile sahani yenye springi inayoibana, na kinachoshika ni ule utando wake mkavu. Utando ukiisha, mbano unapungua. Gari tupu bado inavutika. Weka mzigo, weka mlima, pleti inaanza kuzunguka bila kushika, inapata moto, na ikipata moto inashika kidogo zaidi. Ndiyo harufu uliyoisikia. Kwa hiyo fundi aliyeijaribu asubuhi, ikiwa tupu na baridi, hakuwa na namna ya kuuona ugonjwa wako.

Sasa ijaribu hivi. Tafuta sehemu tambarare, mbele pasiwe na mtu wala ukuta, weka mawe kwenye matairi. Vuta handibreki mpaka mwisho, mguu wa kulia kwenye breki. Washa, kanyaga klachi, weka gia ya tatu, kisha achia klachi taratibu. Klachi nzima inazima injini palepale, kwa mshtuko. Ukiachia mguu wote na injini bado inazunguka, klachi inateleza. Fanya mara moja tu na uzime haraka. Ukirudiarudia unaimalizia mwenyewe.

Lakini jaribio hilo likionyesha kuteleza, usikimbilie kushusha giaboksi. Kirikuu nyingi zinatumia waya wa klachi. Bonyeza pedeli kwa mkono. Mwanzoni lazima iende bure, laini, kama sentimeta mbili hivi, ndipo ukutane na uzito. Kama uzito unaanza pale pale, waya umekazwa mno. Maana yake beringi ya klachi, ile inayosukumwa na pedeli, inaisukuma presha pleti muda wote, hata ukiwa umetoa mguu, na klachi nzima kabisa inaweza kuteleza kwa sababu hiyo. Kulegeza nati ya waya huko chini ni kazi ya dakika chache. Fundi akishalegeza, jaribu tena.

Tena mwambie akuonyeshe nati yenyewe. Pleti ikila, nafasi ile ya bure kwenye pedeli inapungua, na mafundi huwa wanaendelea kulegeza. Ukiikuta nati imeshafika mwisho wa meno yake na pedeli bado haina nafasi, hakuna cha kurekebisha tena. Pleti imeisha.

Kijana wa Area A:
Mafundi wengine humwagia soda kwenye klachi, inashika vizuri kabisa. Kuna jamaa alifanya akafika Morogoro.

Fundi Nzuguni:
Mdogo wangu, soda inaacha sukari, inanata siku mbili tatu kisha pleti inakuwa mbaya kuliko mwanzo, na chuma kinapata kutu. Huyu dada anapita Sukamahela na mzigo, na malori yapo nyuma yake. Gari ikikataa kuvuta katikati ya mlima ule ni hatari kwake na kwa mdogo wake. Tusimwambie mambo ya kufika tu.

Mwenye Canter, Kibaigwa:
Naongeza langu. Nilibadilisha klachi nzima, pleti, presha pleti na beringi, nikaenda kupakia mahindi. Baada ya miezi miwili ikaanza kuteleza tena. Nikamlaumu muuza spea. Kumbe oili sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili isitoke nyuma ya injini, ilikuwa inavuja tangu mwanzo, inadondoka ndani ya nyumba ya klachi na kulowesha pleti mpya. Sili ni bei ndogo sana, kazi kubwa ni kushusha giaboksi, na mimi niliilipa kazi hiyo mara mbili. Dada, siku ikishushwa, simama hapo. Pleti ikitoka imelowa oili, mwambie abadilishe sili kabla ya kufunga. Na angalia utando: ukifika kwenye ribiti, zile chuma zinakwaruza flaiwili.

Mwalimu wa Kondoa:
Samahani mleta uzi, naingiza swali. Yangu haitelezi, ila gia ya nyuma inagoma, inasaga ikiingia. Ni klachi imeisha pia?

Fundi Nzuguni:
Mwalimu, hiyo ni kinyume chake. Ya kwako haiachii, si kwamba haishiki. Kama ni ya waya, huenda umelegea au umevutika. Kama ni ya mafuta, angalia kikopo cha mafuta ya klachi kama kimepungua, kisha masta, ile pampu ya kwenye pedeli, na silinda ya chini kwenye giaboksi kama zinavuja. Ukipampu pedeli mara mbili tatu na gia ikaingia vizuri, tatizo liko huko. Na kama kuna kelele, zingatia inatokea lini. Ikianza ukikanyaga klachi, beringi ya klachi. Ikiwepo ukiwa umeachia na kupotea ukikanyaga, hiyo sasa ni beringi ya giaboksi.

Mama Asali:
Wakuu, narudi na majibu. Asanteni sana, mno.

Jioni tulikwenda uwanja mmoja Nzuguni, mdogo wangu akaweka mawe, nikavuta handibreki, gia ya tatu, nikaachia. Injini haikuzima. Ilitetemeka kidogo tu ikaendelea kuunguruma, na mguu wangu uko nje kabisa ya pedeli. Nikazima.

Pedeli haina nafasi hata kidogo, uzito unaanza ukiigusa. Leo fundi wa jirani kalala chini ya gari, kaniita nikaona mwenyewe: nati imefika mwisho wa meno.

Kuna kitu kingine kimeniuma. Nilipoinama kubonyeza pedeli niliona mpira wake umekuwa laini upande mmoja, unang'aa, na wa breki bado una mistari yake. Nimemuuliza mdogo wangu, akasema huwa anapumzisha mguu hapo safari nzima, na kwenye foleni ya mlimani anaishikilia gari kwa klachi badala ya handibreki. Hakuna aliyewahi kumwambia, na mimi pia nilikuwa nafanya.

Fundi Nzuguni:
Hapo umeupata ugonjwa na chanzo chake. Mguu ukilala kwenye pedeli, beringi inafanya kazi safari nzima na pleti haibanwi sawasawa. Na swali la mzigo: unapakia kiasi gani?

Mama Asali:
Nikiwa mkweli, kilo mia sita, saba wakati mwingine.

Fundi Nzuguni:
Gari hiyo Japani inasajiliwa kwa kilo 350, na injini yake ni ya cc 660. Nakuelewa, biashara ni biashara, lakini mzigo mara mbili ndio uliomaliza pleti yako mapema.

Nunua seti nzima, pleti, presha pleti na beringi, usichanganye jipya na chakavu. Ukiagiza Dar, watumie namba ya chesisi, pleti za Kirikuu hazifanani zote kwa ukubwa. Akishafungua, mwambie asipulize lile vumbi kwa kompresa, baadhi ya pleti za zamani zina asbesto, na vumbi lake linadhuru mapafu. Afute kwa kitambaa chenye maji.

Mama Asali:
Giaboksi imeshushwa jana, nilisimama pale kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Pleti imetoka kavu, oili hakuna, lakini utando umebaki mwembamba kama ganda la yai na ribiti mbili zimeshaanza kugusa. Flaiwili ilikuwa na duara la mikwaruzo na madoa ya bluu ya moto. Fundi aliipeleka kusawazishwa, kairudisha inang'aa. Oili sili nimebadilisha pamoja, Mwenye Canter, kwa ajili yako.

Seti, sili na ufundi havijafika hata nusu ya laki nane. Sasa pedeli ina ile nafasi ya vidole viwili, na gari inashika mguu ukiwa katikati, siyo juu kabisa kama zamani.

Fundi Nzuguni:
Safi sana. Kilometa mia chache za mwanzo usiikamue, pleti ikae sawa na flaiwili kwanza. Baada ya wiki mbili kagua tena ile nafasi ya pedeli.

Mama Asali:
Sawa kaka. Jumatano tunakwenda Manyoni na nusu mzigo, mdogo wangu anaendesha, mimi nakaa pembeni kuangalia mguu wake.