Kaka anauza bila risiti halafu Diwali tunabariki vitabu vya hesabu, nifanyeje wakuu?

mtu_wa_nondo
Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri, matusi mniwekee kiporo. Mimi Mgujarati wa Dar, mzaliwa wa Upanga, dini Mhindu. Baba alifariki nikiwa form two, aliyetulea ni kaka. Kaka kwa Kigujarati ni baba mdogo, dada ni babu mzaa baba, na mama ni mjomba, walimu wa shule ya msingi walishanyoosha mikono na mimi.

Tuna duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo na kaunta nakaa mimi. Mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, ipo pembeni ya kalkuleta, kaka kaifunika kitambaa cha kufuma, vile vya kufunikia redio zamani. Mteja akiuliza bei anaulizwa kwanza, na risiti au bila? Juzi kaja jamaa na fundi wake, mzigo wa milioni moja, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 1,180,000. Kaka akamwambia lete 1,050,000 tumalizane. Jamaa kaokoa laki na thelathini, sisi tumekula hamsini juu, serikali haijaona kitu, wakashikana mikono wanacheka na mimi nikaenda kuhesabu bati.

Sasa Diwali hiyo inakuja na sisi watu wa biashara tunafanya chopda pujan, vitabu vipya vya hesabu vyenye jalada jekundu vinawekwa mbele ya miungu yetu Lakshmi na Ganesh, siku hizi mpaka laptop inapakwa kumkum, ule unga mwekundu, maharaj, yaani kuhani, anasoma mantra, tunaandika Shubh na Labh, yaani heri na faida. Mwaka huu kaka anasema niandike mimi maana duka atanikabidhi. Naandikaje heri kwenye kitabu ambacho nusu ya mauzo haimo?

Nilipomgusia akanijibu kwa upole kabisa, hizo hela ni za harusi ya sista wako. Harusi yenyewe siku nne, ukumbi wa watu 500, bajeti imefika milioni 60 na akiba tuliyonayo ni 22. Huyu mtu ndo alinilipia ada mpaka chuo jamani. Nikatae kuandika? Niondoke dukani? Nimekwama.

Kandambili
Ndo maana neno bepari lilitoka kwenu, vepari si mfanyabiashara kwa Kigujarati? Acha mzee apige hela, kodi yenyewe inaliwa na wajanja.

bi_mkubwa_wa_kisutu
Kandambili wewe ukiibiwa kuku utaenda kuiba wa jirani? Mwanangu mimi pia ni Mhindu, wa madhehebu ya Swaminarayan, nimeuza vitenge miaka thelathini. Kwetu hela si dhambi, artha, yaani mali, ni moja ya malengo manne ya maisha na mwenye familia anatakiwa aitafute, ila inatembea chini ya dharma, yaani haki na wajibu. Shikshapatri, kitabu chetu cha maadili cha mwaka 1826, inatuambia mambo ya dukani kabisa: andika hesabu zako kila siku, matumizi yasizidi kipato, toa sehemu ya kumi, na mwenye hali duni atoe ya ishirini. Sasa sehemu ya kumi ya kitu usichokiandika utaijuaje? Kaka yako nina hakika jina lake linasomwa mandir, hekaluni kwetu, kila mwaka kwa michango na watu wanapiga makofi. Mungu hakatiwi komisheni.

Usikatae kuandika mbele ya watu, utamvunja. Mfuate asubuhi akimaliza chai, mwenyewe, na umwambie unaogopa, maana kweli unaogopa.

mhasibu_mstaafu
Mi dini siijui, nakupa ya kiofisi. Mzigo kiwandani mnanunua na risiti na ile VAT ya manunuzi mnaidai kila mwezi, sivyo? Basi makaratasi yanaonyesha bati elfu zimeingia na mia nne zimetoka na stoo iko tupu, mkaguzi hahitaji hata kufika dukani, anaona kwenye makaratasi. Na ukikabidhiwa duka sahihi ni yako, atakayeulizwa ni wewe siyo mzee. Kabla ya kupokea funguo tafuta mshauri wa kodi, mpitie ya nyuma mjue mnadaiwa nini, muende kuongea wenyewe. Na yule jamaa aliyefurahia laki na thelathini, asiyedai risiti naye ana kosa, asijione mjanja.

Mama Abdul
Watu 500 mnawalisha wa nini? Kaeni na bibi harusi kwanza, isije ikawa hata hajaulizwa.

mtu_wa_nondo
Wakuu nimerudi. Mama Abdul umenishika pabaya, kweli sista hakuna aliyemuuliza. Nikamuuliza jana usiku jikoni anakanda unga wa thepla, zile chapati zetu za viungo, akasema yeye anataka siku mbili na watu 150, wengine ni wageni wa kaka wa biashara na hawajui hata kwa sura. Akaendelea kukanda.

Leo asubuhi nikamfuata kaka kama bi mkubwa alivyosema. Nikamwekea ya mhasibu, mzigo ulioingia na uliotoka, kwenye karatasi moja. Ya dini sikuigusa, angesema namhubiria. Alikaa kimya mpaka chai ikapoa, akaniuliza, kwa hiyo unaniona mwizi? Nikamwambia hapana kaka, nakuona umechoka. Akaondoka bila kunijibu, akaenda kufungua duka peke yake.

Nimefika saa nne. Kitambaa bado kipo juu ya mashine ila kimekunjwa nusu. Sjui maana yake nini. Mshauri wa kodi nimeshampata, Alhamisi naenda, na kaka nimemwambia tuende wote.

bi_mkubwa_wa_kisutu
Alhamisi mpikie thepla za njiani.

Kandambili
Mkuu duka liko mtaa gani, nataka bati 40 za geji 30. Haya, na risiti.