Tupeane uzoefu: Ulijifunzaje poka mpaka mzunguko wa madau ukakuingia?

Mwanzisha mada (Isevya, Tabora)

Mwangaluka wadau. Kundi letu la jioni hapa Isevya limezoea lasti kadi na karata za turufu miaka yote, na sasa limenogewa na poka, ile ya Texas Hold'em. Kila mgeni akikaa, maswali ni yale yale. Mpangilio wa karata anaushika siku hiyo hiyo. Anapokwama ni kwenye dau: nani anaanza, kupandisha kunaanzia ngapi, na mzunguko unafungwa lini. Naomba aliyejifunza aeleze kilichomfungua macho. Naanza mimi.

Mimi nilifundishwa na kaka yangu mkubwa kwa punje za maharage, kila mtu mia. Pakiti ni ya karata 52, majoka yanatolewa. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, kisha zinafunuliwa tano za wote: tatu kwa pamoja, ndiyo flopu, halafu ya nne, halafu ya tano. Katika hizo saba unachagua tano zilizo bora. Kabla ya mgao, wawili wanaofuata kushoto kwa mgawaji wanaweka dau la lazima, la kwanza nusu ya la pili. Kwetu ni punje moja na punje mbili. Bila hayo madau kila mtu angekaa akingoja rea mbili, na rea mbili huja kwa wastani mara moja katika migao 221.

Kaka alikuwa mkali kwa jambo moja: sema kwanza, ndipo uguse punje. Napita (siweki kitu, zamu iende). Naweka. Nafuata (nalingana na dau la mwenzangu). Napandisha. Natupa (naacha karata zangu). Ukishasema, hakuna kurudi nyuma. Na ilikuwa marufuku kusema "nafuata zako kumi... na naongeza ishirini", kwa sababu kwenye ile nukta ya katikati mtu anamsoma mwenzake usoni kabla ya kuongeza. Ukishatamka "nafuata", umefuata, basi. Naiheshimu sana kanuni hii na nadhani ndiyo inayotenganisha meza yenye amani na meza ya ugomvi.

Kuhusu kufunga mzunguko: haufungwi kwa sababu zamu imezunguka mara moja. Unafungwa pale ambapo kila aliyebaki amepata nafasi ya kuamua na wote wamelingana walichoweka. Kwa hiyo aliyeweka dau la lazima kubwa ana haki ya kupandisha hata kama wengine wote wamemfuata tu. Wageni wengi huharakisha kufunua flopu na kumnyima haki yake. Baada ya flopu anayeanza ni wa kwanza kushoto kwa mgawaji ambaye bado yumo, na mgawaji anasema wa mwisho. Ndiyo maana kukaa kwenye nafasi ya mgawaji ni faida kubwa. Umeshasikia wenzako wote kabla ya kufungua mdomo.

Mdau wa Kibirizi, Kigoma

Asante mkuu kwa kuanzisha. Mimi nilijifunzia hapa mwaloni, tukisubiri boti za kwenda vijiji vya kaskazini mwa ziwa. Upepo ukichachamaa boti haziondoki, mnakaa.

Kilichonisumbua ni mazoea ya karata zetu. Kwetu kuna turufu, na saba ni kubwa kuliko mfalme. Kwenye poka turufu haipo, saba ni saba tu, na kopa, uru, pao na shupaza zote zina hadhi sawa. Nilikuwa nauliza kwa nini tano za aina moja, tuseme kopa tupu, zinashinda tano zinazofuatana, maana machoni pangu kufuatana ndiko kugumu. Mzee mmoja pale, mtu wa hesabu, akanieleza: kwenye karata 52 unaweza kutoa mikono, yaani mafungu ya karata tano, 2,598,960 tofauti. Iliyofuatana ni 10,200. Ya aina moja ni 5,108. Tatu zinazofanana pamoja na jozi ni 3,744, na nne zinazofanana ni 624. Kilicho adimu ndicho kikubwa. Kuanzia hapo sikuhitaji kukariri tena.

Halafu akanionesha kwamba karibu nusu ya mikono hiyo ni garasha tupu, haina hata jozi. Hilo lilinituliza sana. Ukipata garasha mara nyingi mfululizo hujarogwa, ndivyo karata zilivyo. Tupa, subiri.

Mwalimu wa Cheyo

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Nafundisha hesabu, kwa hiyo mimi mlango wangu ulikuwa kapu, yaani zile punje zilizokwisha kukusanywa katikati.

Tuseme kapu lina punje 60. Karata ya nne imeshafunuliwa, wewe una kopa nne na unaomba ya tano. Mwenzako anaweka 30. Kufuata kutakugharimu 30 ili ushindanie jumla ya 120, yaani unalipia robo. Sasa hesabu nafasi yako: umeona karata sita, zimebaki 46, na kopa zilizobaki ni tisa. Tisa kwa 46 haifiki hata asilimia 20. Unalipia robo kwa kitu kisichofika moja ya tano! Tupa, isipokuwa una hakika kopa ikitoka atakulipa zaidi.

Mwenzako akiweka 10 tu, unalipa 10 ili ushindanie 80, sawa na asilimia 12 na nusu. Hapo fuata bila wasiwasi. Karata ni zile zile, kilichobadilika ni bei. Wanafunzi wangu wa zamani niliowakuta wakicheza niliwaambia hivyo hivyo: msiulize "karata zangu nzuri?", ulizeni "kwa bei hii?"

Mgeni wa Kaliua

Samahani Mwalimu na wakuu wote, ndiyo kwanza naanza. Mtu akiishiwa punje katikati ya mgao, anatolewa?

Mdau wa Kibirizi, Kigoma

Hatolewi, mdogo wangu. Anaweka zote alizonazo na anabaki hadi mwisho, ila anagombea kile alichoweza kulingana nacho tu. Chukua watu watatu, mmoja ana 50, wa pili 120, wa tatu 200, na wote wameweka zote. Kapu la kwanza ni 50 mara tatu, 150, na wote wanaligombea. Kapu la pili ni 70 mara mbili, 140, la wale wawili peke yao. Zile 80 zilizozidi za wa tatu anarudishiwa. Mwenye 50 akiwa na mkono mkubwa kuliko wote anachukua 150, hagusi la pili. Tenganisheni makapu mapema, msingoje karata zifunuliwe ndipo muanze kubishana.

Mwanzisha mada (Isevya, Tabora)

Na kupandisha, mgeni wetu: nyongeza isipungue ile iliyotangulia. Mmoja akiweka 10, wa pili akafikisha 30, amepandisha kwa 20, basi wa tatu akitaka kupandisha afikishe angalau 50.

Mama Asali (Ng'ambo, Tabora)

Naunga mkono punje za maharage kwa moyo wote. Mimi nina vijana nyumbani na nimeona mikeka ya mpira inavyokula nauli za watu. Michezo ya kubahatisha ya fedha nchini inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inataka leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi. Kwangu wanacheza kwa maharage, na yakiisha mchezo umeisha, hakuna kukopeshana.

Nimejifunza kwa kuwatazama tu, na naona mkwara, yaani kuweka dau la kutisha ukiwa na garasha, unawapendeza mno. Mdogo wao wa mwisho anapiga mkwara kwa watu wanne kwa mpigo, na daima kuna mmoja mwenye jozi anayemfuata. Nimemwambia mkwara umpige mtu mmoja, na awe mtu anayejua kutupa. Asiyetupa kamwe, msubiri upate mkono kweli, ndipo umtoze.

Mgeni wa Kaliua

Nimeelewa, shukrani sana. Na zile tano za mezani zikiwa bora kuliko zetu sote?

Mwalimu wa Cheyo

Waliobaki wote mnagawana kapu sawa kwa sawa, mwanangu. Karata zako mbili hapo hazihesabiwi.