Breki inabeba mechi za 9-ball, mtu anapanda ndege aje kukaa kwenye kiti! Hizi kanuni za kuvunja zirekebishwe

Wakuu habari za muda huu. Naanza na lawama moja kwa moja maana nimevumilia vya kutosha. Hii 9-ball ya mapro tunayokesha tunaiangalia, ile pool ya mipira 9 ambayo lazima uguse kwanza wenye namba ndogo kuliko yote mezani na anayeingiza namba 9 ndiye anashinda gemu, imefika mahali mechi inaamuliwa na breki, yaani lile pigo la kwanza la kutawanya mipira, kuliko kitu kingine chochote, na kila ukilisema hilo unaambiwa hujui pool. Najua pool. Ndiyo maana inaniuma.

Chukueni mechi ya kawaida kabisa. Jamaa wawili wanapiga lagi, yaani kila mmoja anasukuma mpira uende ukuta wa mbali urudi, wa kwake ukisimama karibu zaidi na ukuta wa huku ndiye anachagua nani avunje. Mmoja kashinda kwa upana wa kidole. Anavunja, mpira wa pembeni unaingia, namba 1 iko wazi, anasafisha meza. Na kwa sababu mashindano mengi makubwa siku hizi aliyeshinda gemu ndiye anavunja inayofuata, anavunja tena, mpira ule ule unaingia shimo lile lile, anasafisha tena. Tena. Tena. Mwenzake yuko kwenye kiti, taulo mapajani, fimbo kaiegemeza gotini, chaki anaizungusha mkononi basi tu apate cha kufanya. Akija kusimama ni 5-0, na anasimama kwa sababu mwenzake kashindwa kuendelea akamfichia mpira mweupe nyuma ya namba 7, anapiga ukutani kuutafuta namba 1, anaukosa, anarudi kukaa. Halafu mtangazaji anasema jamaa leo "hayupo mchezoni". Angekuwepo vipi wakati hajapewa meza??

Sasa kwa wasiofuatilia sana niwaelezee kinachoendelea pale, maana watu wanadhani breki ni nguvu na bahati. Mipira 9 inapangwa umbo la almasi, namba 1 mbele kabisa, 9 katikati. Ile miwili inayokaa kwenye ncha za kushoto na kulia ndiyo inaitwa mipira ya bawa. Mipira ikigusana yote vizuri bila hata upenyo wa karatasi, na namba 1 ikiwa kwenye kile kidoti cha kawaida cha kupangia mipira mezani, ukivunja kutoka pembeni kwa pembe sahihi basi mpira wa bawa wa upande wa pili unakwenda wenyewe mpaka shimo la kona. Haubahatishi. Unafuata njia, kwa sababu nguvu inapita mpira hadi mpira na ule wa ncha hauna pengine pa kwenda. Na namba 1 yenyewe inaelekea shimo la kati. Yaani mtu aliyeijua meza hahitaji hata kupiga kwa nguvu, anahitaji kurudia tu kile kile.

Na hapo ndipo ile plastiki nyembamba ya kupangia mipira ilipotumaliza. Zamani mipira ilipangwa kwa pembetatu, ukiiondoa mmoja unatikisika kidogo, kinabaki kiupenyo, kila gemu breki inakuja na sura yake. Plastiki ina matobo, kila mpira unakaa kwenye tobo lake, inabana. Kila gemu mpangilio ni ule ule. Nakubali imeondoa wizi, maana kulikuwa na mafundi wa kupanga mipira vibaya makusudi ili mpinzani asiingize kitu, na kulikuwa na wale wa kujipangia wenyewe wanainama wanachungulia kati ya namba 1 na mpira wa pili kama fundi saa, wanagonga kwa kidole, wanainua, wanapanga upya, mechi inalala. Sawa. Lakini tumetoa wizi tukaweka uhakika, na uhakika kwenye breki ni ugonjwa mbaya zaidi kwa sababu hauna wa kumlaumu.

Msiniambie ni jambo jipya. 2001 kwenye US Open ya 9-ball, Corey Deuel alimpiga Mika Immonen fainali 11-0. Kumi na moja kwa sifuri! Immonen, ambaye mwaka huo huo alikuwa bingwa wa dunia, siyo mtu wa kuokota mtaani. Deuel alikuja na breki laini, anagusa tu mipira inafunguka kidogo, wa bawa unaingia, mingine inabaki upande wake, anaimaliza. Simlaumu Deuel hata chembe, alitumia akili ndani ya kanuni zilizokuwepo, na ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Ila waliosimamia mchezo walitakiwa pale pale waone kwamba kanuni inayoruhusu hivyo ina tobo. Baadaye ndiyo zikaja zile za lazima mipira mitatu iwe imeingia au imevuka mstari wa upande wa kuvunjia, ili mtu asivunje kwa kubembeleza. Imesaidia kidogo. Breki laini ilibanwa, breki ya uhakika ikabaki.

Halafu wakaja na namba 9 kwenye kidoti. Badala ya namba 1 kukaa pale, wanasogeza almasi yote mbele ili 9 ndiyo ikalie kidoti, na wakaweka kisanduku cha kuvunjia katikati ili mtu asiende kujibanza ukutani. Hapo kusema kweli niliwapongeza, mpira wa bawa ukawa haufiki kona moja kwa moja. Kilichotokea? Mapro wanafanya mazoezi masaa mangapi kwa siku, wakahamia kwenye namba 1 kuipeleka shimo la kati, wakatafuta kasi, wakatafuta pembe, leo wakubwa wanaiingiza huku wakijua kabisa mpira mweupe utasimama wapi. Na baya zaidi kanuni zinatofautiana: ukienda kwa mwandaaji huyu 9 iko kwenye kidoti, ukienda kule ni namba 1, hapa plastiki, pale pembetatu, hapa wanapokezana kuvunja, pale mshindi anaendelea. Mchezaji mmoja anaonekana mfalme mwezi huu, mwezi ujao wa kawaida, mkono wake haujabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni mahali almasi ilipowekwa. Halafu sisi mashabiki tunagombana humu nani bora duniani. Tunalinganisha nini na nini?

Najua watakuja wa "breki ni ujuzi". Ndiyo ni ujuzi! Nani kakataa? Shane Van Boening amechukua US Open mara 5, tatu kati ya hizo mfululizo 2012 mpaka 2014, na 2022 akawa bingwa wa dunia kwa kumfunga Albin Ouschan 13-6, na breki yake ni kitu cha kukaa kuangalia: mpira mweupe unagonga, unaruka kidogo, unadondoka katikati ya meza unatulia pale pale kama umewekwa kwa mkono. Ule ni ufundi na lazima ulipwe. Nachokataa mimi ni malipo makubwa kupita kiasi. Ujuzi wa breki ulipwe mpira mmoja na nafasi nzuri, usilipwe mechi nzima.

Maana 9-ball ina mambo mengine. Kuna kuficha mpira, kuna kutoka mafichoni kwa kuta mbili tatu, kuna pushi auti pale mtu kavunja vizuri lakini haioni namba 1, anausukuma mweupe mahali halafu anakuuliza bila kusema, haya, unapiga wewe au napiga mimi? Hapo ndipo unamjua mchezaji. Efren Reyes watu hawakumpenda kwa breki, walimpenda kwa alichokifanya meza ikiwa imeharibika, mpira umejificha, kila mtu ukumbini ameshakata tamaa na yeye anaangalia ukuta. 1996 kule Hong Kong alikutana na Earl Strickland mechi ya wa kwanza kufika gemu 120, akashinda 120-117. Gemu 237 wakuu. Kwenye urefu ule breki moja ni nini? Inamezwa. Na huyo huyo Strickland mwaka huo huo Dallas alisafisha gemu 10 mfululizo kwenye dau la dola milioni 1 ambalo waandaaji walidhani halichukuliki, na hata hilo nalisifia, lilikuwa jambo la ajabu. Kinachonisumbua ni pale kusafisha gemu 4 au 5 mfululizo kunapoacha kuwa ajabu kukawa ratiba.

Mpira wa miguu ukifungwa goli anayeanzisha katikati ni aliyefungwa. Hakuna anayesema timu iliyofunga inanyimwa haki yake. Sisi huku aliyefunga ndiye anapewa mpira tena, tena akiwa ameshafika kwenye 18 ya mwenzake!

*

NIMEONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kaleta hesabu, anasema mshindi kuendelea kuvunja au kupokezana ni sawa tu, nafasi ya kushinda mechi haibadiliki. Nimekaa nimeipiga na kwa kweli kwenye karatasi yuko sahihi. Kwenye mechi ya wa kwanza gemu 9, kwa mfumo wowote aliyeanza kuvunja anapata breki 9 kwa upeo, mwenzake 8, hesabu inatoka ile ile. Lakini angalieni hesabu hiyo hiyo inasema nini kuhusu ukubwa wa breki. Tuseme wawili wako sawa kabisa kiuwezo na anayevunja anashinda gemu mara 6 katika 10. Aliyeshinda lagi ana nafasi kama 52 kati ya 100 kushinda mechi ya gemu 9. Inavumilika. Sasa panga mipira kwa uhakika mpaka anayevunja ashinde mara 8 katika 10, nafasi ya aliyeshinda lagi inapanda mpaka zaidi ya 57. Na kwenye mechi fupi za wa kwanza gemu 5, zile za Mosconi Cup (timu ya Ulaya dhidi ya timu ya Marekani), inafika karibu 61. Sitini na moja kwa mia kwa ajili ya mpira uliosukumwa ukutani ukarudi! Watu wako sawa kila kitu, mmoja anaanza na 61 mwingine na 39. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, mkuu umenisaidia kuieleza.

Na kuna kitu hesabu yako haikioni. Inachukulia aliyekaa kwenye kiti dakika 40 ananyanyuka na mkono ule ule aliokaa nao. Mwambie mtu yeyote aliyewahi kucheza kwa hela akwambie kama hiyo ni kweli. Mkono unapoa, macho yanasahau kasi ya kitambaa, unapewa shuti moja ngumu na unatakiwa uipige kama uko kwenye mdundo. Kwa miaka mingi Mosconi Cup walipokezana kuvunja na hatukuwahi kukosa utamu, kila mtu alikuwa na meza yake, ukikosea unalipia kwa kosa lako siyo kwa bahati ya zamu.

NIMEONGEZA TENA: Mmeuliza mimi nataka nini, siyo kulalamika tu. Nataka hivi. Wakae waandaaji wote wachague namna moja ya kupanga mipira na ibaki hiyo miaka kadhaa, 9 kwenye kidoti naikubali kama hatua ya kuanzia. Apange refa, siyo mchezaji. Kuvunja wapokezane. Na mechi ziwe ndefu, hasa kuanzia robo fainali, maana fainali ya dunia 2024 kule Jeddah kati ya Fedor Gorst na Eklent Kaçi iliisha 15-14, gemu moja tu ndiyo ilitenganisha bingwa wa dola 250,000 na wa pili, na hiyo ni fainali ya wa kwanza gemu 15. Sasa fikirieni wale wanaotolewa raundi za mwanzo kwenye mechi fupi, hakuna kamera, wamejilipia nauli na hoteli wenyewe, wametoka bara jingine, wamegusa meza mara mbili wakarudi nyumbani.

Aliyewahi kufika kwenye haya mashindano kama mchezaji au refa naomba aandike hapo chini anachokiona akiwa pale ukumbini, hasa kuhusu upangaji wa mipira. Wa "hujui pool" nao walete hesabu kama mwenzao.